Bagamoyo: Tusingoje Bandari Ndipo Tuanze Kazi

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika za Pwani)



Tukipita Mji Mkongwe wa Bagamoyo tunaona kuta zilizobaki bila paa. Wageni huzipiga picha. Sisi wa hapa yatupasa kujiuliza: mji huu ulianguka kwa nini?

Katika karne ya 19 Bagamoyo iliishi kwa misafara. Pembe za ndovu na watumwa vilifika hapa kutoka bara, njia ya kilomita zipatazo 1,200 tangu Ujiji. Wapagazi kwa maelfu walilala na kula hapa. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Bahari yetu ina kina kifupi, na meli kubwa zilitia nanga mbali. Reli ya Kati nayo ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilipofika Kigoma mwaka 1914, misafara ilikuwa imekwisha.

Biashara ya watumwa hatuisikitikii hata kidogo. Lakini funzo lipo: mji uliegemea jambo moja, na uamuzi juu ya jambo hilo ulikuwa mikononi mwa watu wengine.

Mwaka 2013 tulisikia habari njema ya bandari kubwa ya Mbegani. Makubaliano na China yalitiwa saini, na Oman nayo ikaingia. Mwaka 2019 Serikali ilitangaza kuwa masharti ya wawekezaji hayakubaliki, na mradi ukasimama. Mwaka 2021 mazungumzo ya kuufufua yalitangazwa tena. Katika muda huo wote wako majirani zetu walioacha kuezeka nyumba na kupanda minazi, wakisema, "Tungoje kwanza."

Wapendwa, na sisi tulingoja. Ofisi yetu ilikishauri kikundi kimoja cha akina mama kutumia akiba yao kujenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi wa bandari. Wafanyakazi hawakuja. Vyumba vilikaa vitupu, na akina mama wale walirudi kukopa ili kulipa ada za watoto. Kosa halikuwa lao. Tuliwaomba radhi, na leo tunalisema mbele yenu ili lisirudiwe.

Je, tukae tu? Hapana. Bandari ikija tutaipokea kwa furaha. Lakini tuanze na vilivyopo. Dagaa wakianikwa mchangani huuzwa kwa bei ya kutupa; wakianikwa juu ya chanja hubaki safi na hupata bei nzuri. Mwani wa kotonii, wenye bei nzuri kuliko spinosamu, hufa maji yanapopata joto. Basi kikundi kisitegemee mwani mbichi peke yake, kijifunze kutengeneza sabuni. Chumvi ya kuliwa sheria inataka itiwe madini joto. Wavunaji wadogo wakiungana wanaweza kununua mashine moja kwa pamoja. Na Chuo cha Sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, huleta wageni wanaohitaji chakula na malazi.

Kamati za sharika tunaziomba jambo moja: kabla ya kuandika andiko la mradi, ulizeni, "Ikiwa bandari haitajengwa kamwe, mradi huu utasimama?" Kama jibu ni hapana, msiulete. Nanyi wafadhili, msitupime kwa jengo la kuzinduliwa. Tupimeni kwa kipato cha mama mmoja baada ya miaka mitatu.

Nehemia alipojenga upya ukuta wa Yerusalemu, wengi walianza na sehemu iliyokuwa mbele ya nyumba zao wenyewe. Nasi tuanzie hapo.