Minyororo ya Katapila za Kuchezea kwa Gharama Ndogo

(Hotuba ya fundi seremala kutoka Mbale, mbele ya Kamati ya Jamii, wakazi wa kambi na wafanyakazi wa mashirika, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni.)



Wenzangu waliotangulia wamezungumza juu ya maji, chakula na shule. Mimi nimeombwa nizungumze juu ya kazi za mikono za watoto, nami nimechagua jambo moja tu: namna ya kutengeneza mnyororo wa katapila ya kuchezea. Huenda mtu akasema hilo ni jambo dogo kwa siku kubwa kama hii. Naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa maana nina maombi matatu ya kuweka mbele ya Kamati.

KWA NINI KATAPILA

Watoto huunda kile wanachokiona. Ukitembea Jinja utaona kwa nini watoto wa huko wanapenda mashine za kuchimba. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Bwawa la Bujagali lilikamilika mwaka 2012. Daraja jipya la Mto Nile likafunguliwa mwaka 2018. Kazi kama hizo haziendi bila katapila, na watoto hutazama mashine hizo kutwa nzima, kisha jioni huchukua waya na makopo wakaanza kuunda za kwao.

Upande wa Mbale tunalo sababu nyingine, nayo ni ya huzuni. Tarehe 1 Machi 1910 haipo katika kumbukumbu zetu, bali tarehe 1 Machi 2010 hatutaisahau. Siku hiyo mlima uliporomoka huko Nametsi, wilaya ya Bududa, ukafunika nyumba, soko na zahanati. Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono mitupu, kwa sababu mashine kubwa hazikuweza kufika upesi katika njia zile nyembamba zenye tope. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo mwaka huo huo. Huko waliwakuta Wakenya waliokimbia vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambao walivuka mpaka, wakakaa kwanza Mulanda, Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo mwaka 2008. Kwa hiyo mtoto anayeunda mashine ya kuondoa udongo hachezi mchezo wa kipuuzi. Anajiuliza swali ambalo hata wazee walijiuliza: mashine ingefikaje?

MNYORORO UNAFANYA KAZI GANI

Gurudumu hugusa ardhi mahali padogo, na uzito wote hukaa hapo. Mnyororo hutandaza uzito huo. Chukueni mfano wa katapila ya mtoto yenye uzito wa kilo moja. Ikiwa ina magurudumu manne, na kila moja linagusa ardhi kwa sentimita mraba moja, basi kila sentimita inabeba gramu 250. Ivisheni minyororo miwili, kila mmoja ukilala chini kwa urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 3. Jumla ni sentimita mraba 60, na kila moja inabeba gramu 17 hivi. Ndiyo maana yenye magurudumu inazama topeni na yenye mnyororo inapita.

Jambo hili lilitumika pia shambani. Huko California, Marekani, mwaka 1904, Bw. Benjamin Holt alikuwa na trekta za mvuke zilizokuwa nzito mno kwa mashamba yenye udongo laini. Aliondoa magurudumu ya nyuma akaweka vipande vya mbao vilivyofungwa kwenye minyororo. Sikilizeni vizuri: mnyororo wake wa kwanza ulikuwa na mbao. Hivyo mtoto anayetumia mwanzi hayuko mbali na Bw. Holt mwenyewe.

NJIA YA KWANZA: TYUBU

Hii ndiyo rahisi, inamfaa hata mtoto wa miaka saba. Watu wengi hukata tyubu kwa urefu, wakapata ukanda, kisha wanahangaika kuunganisha ncha zake kwa gundi. Kiungo hicho ndicho kinachokatika kwanza. Msikate kwa urefu. Kateni kwa kukingama, kama mtu anayekata vitunguu. Kila kipande kinatoka kikiwa duara kamili lisilo na kiungo.

Urefu wa duara ni mara mbili ya upana wa tyubu ikiwa imelazwa bapa. Tyubu ya baiskeli hutoa duara dogo, ya pikipiki kubwa zaidi, ya gari kubwa kabisa. Ili kujua unalohitaji, pima kutoka ekseli moja hadi nyingine, zidisha kwa mbili, kisha ongeza mzingo wa gurudumu moja. Ekseli zikiachana sentimita 10 na gurudumu likiwa na kipenyo cha sentimita 4, unapata kama sentimita 32 na nusu. Chagua duara la sentimita 30, ili mpira uvutike kidogo na kushika. Usiuvute kupita hapo, maana ekseli zitapinda na magurudumu yatakuwa mazito kuzunguka.

Kwa tope, shoneni juu yake vipande vyembamba vya malapa yaliyochakaa, kila kimoja kikilala kwa kukingama. Tumieni sindano ya fundi viatu na uzi wa nailoni. Gundi peke yake haidumu, kwa sababu mpira unajikunja kila unapozunguka gurudumu.

NJIA YA PILI: MWANZI NA TURUBAI

Hii ni ya watoto wakubwa, na inafanana zaidi na katapila yenyewe. Watu wa Mlima Elgon wanaujua mwanzi. Machipukizi yake tunakula, ndiyo malewa, na uliokomaa tunajengea.

Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 2 juu ya ubao. Bila kubadilisha kipimo, tembeza kipimo hicho hicho kando ya duara. Kitaingia mara sita barabara. Unganisha alama hizo kwa mistari, kisha kata ubao upate gurudumu lenye pande sita, kila upande sentimita 2. Katika kila pembe pigilia msumari mdogo katikati ya unene wa gurudumu, uukate kichwa, uache nusu sentimita nje. Hayo ndiyo meno.

Sasa pasua mwanzi upate vipande 16, kila kimoja upana wa sentimita moja na nusu. Kata kanda mbili za turubai za sentimita 34. Weka alama kila baada ya sentimita 2, na sentimita 2 za mwisho ziwe za kushonea kiungo. Funga vipande vya mwanzi juu ya kanda hizo, kimoja kila alama, ukiacha nafasi ya nusu sentimita kati ya kimoja na kingine. Kanda mbili zikae pembeni, katikati pabaki wazi ili meno yapite. Ekseli ziachane sentimita 10.

Kwa nini 16? Juu vipande vitano, chini vitano, na kila gurudumu linakumbatiwa na vitatu. Mtoto akihesabu hivyo amekwisha kufanya hesabu ya darasani bila kulazimishwa.

Hapa msitumie tyubu badala ya turubai. Tyubu inavutika, nafasi zinabadilika, na meno yanakosa mahali pa kuingia. Na turubai ninayosema ni ile iliyochakaa na kuondolewa juu ya nyumba. Mtoto asije akakata ile inayowazuia ninyi mvua!

MNYORORO UKICHOMOKA

Malalamiko makubwa ya watoto ni kwamba mnyororo unachomoka. Sababu ni tatu. Ya kwanza, magurudumu hayako katika mstari mmoja. Nyoosheni ekseli kabla ya kulaumu mnyororo. Ya pili, mnyororo umelegea. Tundu la ekseli ya mbele lifanywe refu kwa sentimita moja, na ekseli ivutwe mbele kwa kipande cha tyubu, nayo itajikaza yenyewe. Ya tatu, gurudumu halina ukingo. Kwa mnyororo wa tyubu, wekeni kila upande wa gurudumu kifuniko cha kopo kilicho kipana kuliko gurudumu, makali yake yakiwa yamekunjwa.

Katapila haina usukani. Hukata kona kwa kupunguza mwendo wa mnyororo mmoja. Kwa hiyo magurudumu ya kulia na ya kushoto yasifungwe kwenye ekseli moja kwa misumari. Kila moja lizunguke peke yake. Mtoto akifunga kamba mbili, moja kila upande, ataweza kuigeuza kama anavyogeuza ng'ombe wa plau.

JUU YA VIFARU

Najua wapo wazazi wanaosema: mnyororo ule ule ndio wa kifaru, na sisi tulikimbia vita. Ni kweli. Vifaru viliingia vitani mara ya kwanza mwaka 1916, miaka 12 baada ya majaribio ya Bw. Holt, na mnyororo ulitoka kwenye trekta. Watoto wetu wengine wataweka mtutu juu ya mashine zao. Ushauri wangu ni kwamba tusiwachape na tusivunje walichokiunda. Tukae nao, tuwaulize mashine hiyo inakwenda wapi na inafanya nini. Mtoto aliyeona mambo mazito mara nyingine hueleza kwa mikono kile asichoweza kusema kwa mdomo, na mtu mzima anapaswa kuwa karibu naye wakati huo. Kisha tumpe kipande cha kopo, tumwonyeshe jinsi ya kufunga koleo mbele. Achague mwenyewe.

MAOMBI KWA KAMATI

Ombi la kwanza ni kivuli na saa. Watoto wapewe mahali pamoja, alasiri mbili kwa wiki, chini ya mtu mzima, wavulana na wasichana pamoja. Leo wanakata makopo nyuma ya nyumba na kando ya barabara ya malori. Makali ya bati yanakata vidole, na dereva anayerudi nyuma hamwoni mtoto aliyechuchumaa.

Ombi la pili ni sanduku la vifaa lenye kufuli: koleo mbili, nyundo, msumeno mdogo, sindano za fundi viatu na msasa. Kutoboa kwa msumari wa moto na kukata bati iwe kazi ya mtu mzima peke yake.

Ombi la tatu ni kwenu, ndugu zetu wa mashirika. Tyubu za pikipiki na magari yenu zikiharibika, msizichome. Vipande vya mbao za masanduku, msivitupe. Tunashukuru kwa vitu vya kuchezea vinavyoletwa kutoka mbali, lakini vikivunjika hakuna kipuri, na mtoto hubaki akitazama. Katapila ya mwanzi ikivunjika, aliyeiunda anajua pa kuanzia. Vya kununua ni uzi na misumari tu. Vingine vyote vimo humu kambini.

Ndugu zangu, wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Baadhi ya hawa wanaochezea tope leo ndio watakaofungua barabara za kwetu siku tutakaporudi, au za hapa tulipopokelewa. Naomba Kamati ijadili maombi haya katika mkutano wake ujao na kutupa jibu. Mimi niko tayari kuja kufundisha watu wazima watakaosimamia.