Vitabu vinne kwa mtu aliyekimbia na kwa mtu anayeongoza

  

Leo ninataka kuzungumza nanyi juu ya vitabu vinne nilivyomaliza kusoma miezi hii. Viwili ni riwaya, vile vitabu vya hadithi ndefu. Viwili vingine ni vya wale wanaofundisha mtu namna ya kujisaidia mwenyewe katika maisha.

Najua mama mmoja atasema: «Tumekosa unga, tumekosa dawa, naye anatuletea vitabu!» Mama, una haki. Kitabu hakijazi sufuria. Lakini vita havikubomoa nyumba peke yake. Vilibomoa pia namna yetu ya kumwangalia jirani, namna ya kusikiliza, na namna ya kungojea kesho. Mambo hayo yasipotengenezwa, hata siku unga utakapofika tutapigana juu ya mfuko. Ndiyo sababu ninawaomba mnitegee masikio.

Kitabu cha kwanza ni cha Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya. Kilitoka mwaka 1965 kwa Kiingereza, halafu kikatafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Njia Panda. Ni hadithi ya milima miwili inayotazamana, Kameno na Makuyu. Katikati yake unapita mto Honia, usiokauka. Watu wa milima hiyo ni kabila moja, wana lugha moja na babu mmoja. Lakini kila mlima unasema: «Sisi ndio wakubwa.» Halafu dini mpya inafika, na ugomvi unapata jina jipya. Kijana Waiyaki anajenga shule, watoto wanasoma, na watu wanamwita Mwalimu kwa heshima. Anampenda Nyambura, binti wa upande ule mwingine. Moyoni mwake Waiyaki ana neno la kupatanisha milima miwili.

Sasa sikilizeni jambo lililonigusa. Neno hilo Waiyaki hakulisema kwa wakati wake. Siku ya mkutano watu walikuwa wengi, walimshangilia juu ya shule, naye akachukuliwa na furaha yao, akaacha kusema juu ya upatanisho. Akajiambia atasema siku nyingine. Wakati huo wenye wivu walikuwa wanakaa usiku na kula kiapo. Siku aliposimama kando ya mto kusema, umati ulikuwa umekwisha kujazwa maneno mengine. Watu wale wale waliomwimba wakamtoa, yeye na Nyambura, wahukumiwe.

Wandugu, sisi pia tuna milima yetu. Kuna mlima wa wenyeji na mlima wa waliokimbia. Kuna mlima wa wakulima na mlima wa wafugaji. Kila mmoja anajua ni nani wa upande ule. Lakini tazameni asubuhi: wamama wa pande zote wanapanga bidoni kwenye chemchemi moja. Maji hayaulizi kabila. Baba shefu, kama una neno la amani moyoni, usilifungie mpaka siku ya mkutano mkubwa. Liseme wakati watu wangali wanasalimiana, maana uvumi haungoji mkutano.

Kitabu cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1951 wakati nchi ile ingali chini ya Waingereza. Kusadikika ni nchi ya kuwaziwa, iliyo hewani. Mtu mmoja jina lake Karama anashitakiwa kwa sababu amefundisha watu elimu ya sheria. Mshitaki wake ni waziri anayeitwa Majivuno. Karama hapigi kelele, wala hatukani. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Nchi iliwatuma pande zote sita: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, watafute mambo ya kuifaa. Wote walivumilia taabu ya njia, wakarudi na habari nzuri. Na kila mmoja aliporudi alipewa adhabu, kwa sababu wakubwa hawakupenda habari mpya.

Kitabu hiki ninakiweka mbele ya viongozi. Katika kila kambi, na katika kila kijiji kinachopokea wageni, kuna wajumbe. Ni yule mjane anayekuja kusema kwamba kadi za chakula zimeandikwa kwa upendeleo. Ni yule kijana anayesema kwamba vijana wenzake wameitwa kwenda msituni kushika silaha. Ni yule mzee anayesema kwamba shamba la mtu aliyekimbia limeanza kulimwa na mwingine. Ukimfukuza mjumbe kwa sababu habari yake inakuaibisha, habari haifi. Itapita njia nyingine, na huenda itarudi na moto. Karama alipona kwa sababu mwishoni baraza lilikubali kumsikiliza siku zote alizohitaji, na wale waliofungwa wakafunguliwa. Kiongozi anayesikiliza habari mbaya mapema huokoa watu wengi.

Kitabu cha tatu kiliandikwa na Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili, aliyezaliwa Vienna mwaka 1905. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1942 Wanazi walimkamata pamoja na jamaa yake. Alipitia kambi nne, mojawapo Auschwitz. Baba yake, mama yake, ndugu yake na mke wake walikufa kambini. Yeye aliachiliwa mwezi wa nne mwaka 1945, na mwaka 1946 akatoa kitabu hiki, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Découvrir un sens à sa vie.

Frankl hasemi kwamba mateso ni kitu kizuri. Anasema mtu aliyenyang'anywa kila kitu bado ana jambo moja lililobaki mkononi mwake: namna atakavyojichukua mbele ya mateso yale. Anaeleza pia kwamba mtu hupata sababu ya kuishi kwa kazi anayoitimiza, kwa mtu anayempenda, na kwa namna anavyobeba taabu isiyoweza kuondolewa. Mambo mawili ya kitabu hiki yanatuhusu kabisa.

La kwanza ni juu ya kungojea. Mfungwa mmoja aliota kwamba vita vitakwisha tarehe 30 mwezi wa tatu mwaka 1945. Akaishi kwa ajili ya tarehe hiyo. Ilipokaribia bila dalili yoyote, homa ikamkamata, na tarehe 31 akafa. Sisi pia tunasema: «Noeli tutakuwa nyumbani.» Noeli inapita. «Basi Pasaka.» Pasaka inapita, na baba anaacha hata kutengeneza mlango wa kibanda. Wandugu, tumaini ni lazima, lakini msilifunge kwenye tarehe. Lifungeni kwenye kazi ya leo: mtoto ajue kusoma, mboga za sombe ziote nyuma ya hema, mgonjwa wa jirani atembelewe.

La pili ni juu ya siku ya kurudi. Baada ya kufunguliwa, Frankl alikuwa anatembea na mwenzake, wakafika kwenye shamba lenye mimea mibichi. Frankl akataka kuzunguka. Mwenzake akamvuta wapite katikati. Alipokatazwa akakasirika: mke wake na mtoto wake waliuawa, na sasa anakatazwa kukanyaga majani machache? Frankl anafundisha hapo kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kutenda ubaya, hata kama yeye mwenyewe alitendewa ubaya. Ninawaomba mkumbuke shamba lile. Siku mtakaporudi, mtakuta mtu mwingine amepanda maharagwe mahali penu. Haki yenu ni haki, nanyi mpeleke neno kwa wazee na kwa mahakama. Lakini maharagwe hayakuua mtu. Mkiyakanyaga, mwaka unaofuata wengine watakanyaga yenu.

Kitabu cha nne ni cha Mmarekani Napoleon Hill, kilichotoka mwaka 1937. Jina lake kwa Kifaransa ni Réfléchissez et devenez riche. Anafundisha kuandika kiasi cha mali unachotaka, na kukisoma kwa sauti asubuhi na jioni, mpaka akili iamini. Kwa hiki ninawaambia wazi: kuweni waangalifu. Vitabu vya namna hii vinaweza kumfanya maskini aone kwamba umaskini wake umetoka katika mawazo yake tu. Mama aliyekimbia risasi na mtoto mgongoni hakufikiri vibaya. Alinyang'anywa. Asiongezewe lawama juu ya mzigo.

Hata hivyo, tusitupe mbegu pamoja na makapi. Hill anasema pia kwamba mtu peke yake hafiki mbali, na kwamba lazima ukusanye wenzako wenye shabaha moja. Hilo wamama wetu wanalijua tangu zamani, nalo linaitwa likelemba. Wamama kumi, kila juma kila mmoja anatoa kidogo, na mmoja anapokea chote. Huyu ananunua makala ya kuuza, yule analipa masomo ya mtoto. Na kama likelemba lina wenyeji na waliokimbia pamoja, linajenga amani kuliko hotuba nyingi, maana huwezi kumchoma moto mtu ambaye juma lijalo ni zamu yake kukupa wewe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tufanye nini? Kitabu ni ghali, na wengi wetu hatusomi Kifaransa. Lakini katika kila kambi yupo mwalimu asiye na darasa. Mwombeni, mara moja kwa juma, asome kurasa chache kwa sauti na kueleza kwa Kiswahili. Wakae vijana wa pande mbili, si wa upande mmoja. Na akimaliza aulize maswali matatu: Nani katika hadithi hii hakusikilizwa? Nani alichelewa kusema? Na sisi hapa, shamba gani tunataka kulikanyaga?

Msijibu upesi. Acheni watoto na wamama waseme kwanza, halafu wazee wafunge. Na wewe shefu, swali la tatu ulibebe mpaka kwenye baraza lako, kabla ya mavuno.