Anayetafutwa na Mji Mzima
Dominika ya 5, Mwaka B (Ayu 7:1-4, 6-7, 1 Kor 9:16-19, 22-23, Mk 1:29-39)



Injili tuliyosomewa leo ni fupi, lakini ndani yake mna siku nzima ya kazi ya Bwana wetu kule Kafarnaumu. Anatoka katika sinagogi, anaingia nyumbani kwa Simoni, anamshika mkono mama mkwe wa Simoni aliyelala kwa homa, na homa inamwacha. Jua linapokuchwa, mji wote unasongamana mlangoni. Alfajiri, kungali giza, anaondoka peke yake kwenda mahali pasipo na watu ili asali. Simoni na wenzake wanamfuata mbio, na wanapompata wanamletea habari ambayo machoni pao ilikuwa njema kabisa: kwamba hakuna asiyemtafuta.

Tusimame hapo kidogo. Simoni alikuwa mvuvi. Maisha yake yote yeye ndiye aliyetafuta, tena usiku kucha, na mara nyingine alirudi na nyavu tupu. Kwa mtu wa namna hiyo, kutafutwa na mji mzima ni neema isiyo kifani. Apewe nini tena? Nadhani alitazamia kwamba Mwalimu angesimama, ajipanguse magoti na kurudi upesi mlangoni, mahali umati ulipokuwa ukimngoja. Yesu hakurudi. Alisema waende kwenye vijiji vya jirani, akahubiri huko pia, maana hiyo ndiyo sababu ya kuja kwake. Alijua alikotoka na alikokuwa akienda. Kwa hiyo sifa za Kafarnaumu hazikuweza kumfunga kamba.

Lakini je, mtu asiyejua bado alikotumwa, akatafutwa na mji mzima angali mtoto, atakuwaje?

Leo napenda kuwasimulia habari za binti mmoja wa Marekani aitwaye Selena Gomez, mwimbaji na mwigizaji. Vijana wanamfahamu, wazee, waulizeni wajukuu wenu. Mambo nitakayoyasema si siri, wala sikuyaokota katika magazeti ya udaku. Ameyaeleza mwenyewe mbele ya watu, na mwaka 2022 ilitolewa filamu juu ya maisha yake, iitwayo “My Mind & Me”, ambamo alikubali kuonekana akilia, akichoka na akishindwa.

Alizaliwa mwaka 1992 katika mji wa Grand Prairie, jimbo la Texas. Mama yake alikuwa na umri wa miaka 16 tu. Wazazi walitengana mtoto akiwa na miaka 5. Alipokuwa na miaka 10 hivi alichaguliwa kuigiza katika kipindi cha watoto cha televisheni, na mwaka 2007, akiwa na miaka 15, akawa nyota wa tamthilia ya kampuni ya Disney iliyoonyeshwa katika nchi nyingi. Tangu hapo amekua mbele ya macho ya watu. Sisi wengine tulipokuwa na miaka 15, makosa yetu yaliishia kwa mama, kwa mwalimu na kwa Padre katika kitubio. Ya kwake yalipigwa picha.

Mwaka 2016 alifunga safari ya kuimba miji mbalimbali. Baada ya maonyesho 55 akaisimamisha. Moyo ulikuwa umezidiwa na hofu na huzuni, akaenda kwenye kituo cha matibabu katika jimbo la Tennessee, akakaa huko siku 90 bila simu. Na sasa sikilizeni jambo hili. Mwezi Septemba mwaka huohuo, wakati yeye amejitenga hivyo, alikuwa mtu wa kwanza duniani kufikisha wafuasi milioni 100 katika mtandao wa Instagram. Milioni 100! Walikuwa wakimtazama mtu ambaye hakuwapo. Mwezi Novemba alipojitokeza tena katika tuzo za muziki, aliwaambia watu waziwazi kwamba alikuwa na kila kitu, na ndani alikuwa amevunjika kabisa.

Neno hili “wafuasi” limenifikirisha. Sisi tulilizoea kwa habari ya wale waliomfuata Bwana, ambao kila mmoja alipaswa kuubeba msalaba wake. Mfuasi wa mtandaoni habebi chochote. Anabonyeza kwa kidole, anapita.

Somo la kwanza la leo linatupa sauti ya Ayubu. Analalamika kwamba usiku wake ni mrefu. Akilala anauliza ni lini kutapambazuka, anajigeuzageuza mpaka alfajiri, na siku zake zinakwisha bila tumaini. Tunapomsoma Ayubu huwa tunakumbuka mali yake, ng’ombe, ngamia na watoto. Tunasahau kwamba alikuwa pia mtu mwenye jina. Someni sura ya 29 mkifika nyumbani, hasa ninyi makatekista: hapo Ayubu anakumbuka jinsi alivyokuwa akitokea langoni mwa mji, vijana wakajificha kwa heshima na wazee wakasimama. Heshima ile haikumpa usingizi hata wa usiku mmoja.

Maumivu ya binti huyu hayakuwa ya moyo tu. Mwaka 2015 alitangaza kwamba anaugua ugonjwa uitwao lupasi. Katika ugonjwa huu, kinga ambayo Mungu ameiweka mwilini ili ipigane na vijidudu hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikulwa na kilichomo ndani ya ngozi. Figo zikaharibika. Mwaka 2017 rafiki yake, mwigizaji Francia Raisa, akalala juu ya meza ya upasuaji, akampa figo yake moja. Nikipiga hesabu ile ya wafuasi milioni 100, nairudia hii: aliyetoa figo ni mmoja.

Mwaka 2018 alilazwa hospitalini, akili ikiwa imechanganyikiwa. Baadaye madaktari wakamwambia ana ugonjwa wa akili uitwao bipola, unaomrusha mtu kutoka msisimko uliopita kiasi hadi huzuni isiyobebeka. Mwaka 2020 alilisema jambo hilo hadharani, akiwa na miaka 27. Alisema kwamba alipolijua jina la ugonjwa wake, hofu ilipungua.

Hapa sina budi kusema neno kwa uwazi, kwa sababu linatuhusu. Kijana wa kwetu akipatwa na ugonjwa kama huo, tunasemaje? Amerogwa. Ana mapepo. Amelaaniwa na babu yake. Au tunacheka, tunasema apelekwe Mirembe, au Mathari kama tuko Kenya, kana kwamba majina ya hospitali hizo ni matusi. Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi ni hospitali. Ndani yake mna madaktari na wauguzi wanaofanya kazi ambayo sisi wengi hatuna moyo wa kuifanya. Mwinjili Marko mwenyewe, akisimulia jioni ile ya Kafarnaumu, anawataja wagonjwa na wenye pepo mbalimbali, hakuwachanganya. Basi katekista asiyachanganye. Kumwombea mgonjwa ni wajibu wetu. Kumzuia asimeze dawa alizopewa na daktari, eti amwonyeshe Mungu imani yake, ni kumtendea dhambi. Ayubu alikuwa na rafiki watatu. Kwa siku saba walikaa naye chini kimya, na walifanya vema. Walipofungua midomo kumweleza alichokosea ndipo walipoharibu.

Turudi kwenye Injili. Homa ilipomwacha mama mkwe wa Simoni, aliinuka akawatumikia. Wengine husoma mstari huu na kutabasamu: maskini mama, hata uchovu haujamtoka, tayari wageni wanataka chakula. Sidhani kama ndivyo. Mgonjwa yeyote aliyelala wiki tatu atakwambia kwamba kinachouma kuliko homa ni kulala wakati wengine wanafanya kazi, ukiletewa uji na kuondolewa bakuli. Siku anayoweza kushika tena mwiko au jembe, hapo ndipo anajijua amepona. Yesu hakumrudishia afya tu. Alimrudishia nafasi yake nyumbani.

Binti huyu naye alitafuta kitu cha kushika. Alirudi Grand Prairie, akatembelea mtaa aliokulia. Mwaka 2019 alifika Kenya, akazitembelea shule alizokuwa amechangia, akaketi na wanafunzi wasichana na kuzungumza nao. Nakiri kwamba habari kama hizi huniletea wasiwasi. Tumewaona wageni wengi wenye majina wakija kwetu, wakapigwa picha na watoto wetu, wakapanda ndege. Watoto wakabaki na vumbi la magari. Lakini kilichonigusa katika filamu ile ni kilichofuata. Kutoka Kenya alipelekwa London na Paris kuutangaza muziki wake. Akaketishwa mbele ya waandishi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na dakika zake. Wakamwuliza maswali, na alipojibu hawakusikiliza. Kule kijijini alikuwa amezungumza na wasichana wasiokuwa na haja na jina lake. Hapa wote walikuwa na haja na jina lake, na hakuna aliyemsikia. Alitoka hapo amejaa uchungu.

Mwaka 2020 alianzisha kampuni ya vipodozi, na pamoja nayo mfuko wenye lengo la kukusanya dola milioni 100 kwa miaka 10, ili vijana wenye maradhi ya akili wapate kusaidiwa. Asilimia 1 ya mauzo ya kampuni huingia humo. Tutasema: ni tajiri, anaweza. Ni kweli. Mwaka 2022 alisema pia kwamba amekaa zaidi ya miaka minne bila kuingia mwenyewe katika mitandao. Yule aliyewahi kuwa na wafuasi wengi kuliko wote alikuwa ameondoka alfajiri, kungali giza. Simtangazi kuwa mtakatifu, wala sisemi kwamba amepona. Yeye mwenyewe anasema ugonjwa huu ataishi nao. Alimezea dawa, anaendelea; zipo siku hawezi kuinuka. Ila amejua la kufanya siku anapoinuka.

Sasa, msije mkadhani haya ni ya Marekani. Kila parokia inaye Selena wake. Ni yule binti wa kwaya mwenye sauti tamu, anayesimamishwa mbele kila Dominika. Akiwa darasa la sita tu anaalikwa katika kila harusi na kila jubilei. Wanamrekodi, picha zake zinasambaa simuni, wageni wakija kigangoni wanauliza, “Yuko wapi yule mtoto?” Au ni kijana wa mpira. Au ni yule aliyeongoza mkoa katika mtihani, ukoo wote ukachinja mbuzi, na kuanzia hapo hana ruhusa ya kushindwa. Tuna methali yetu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila mara nikiisikia, anayelaumiwa ni mgema. Sijasikia hata siku moja wakilaumiwa waliomsifu, waliokunywa, wakaondoka walipoonja maji.

Maana sauti ya utotoni hubadilika. Binti hupata mimba, au hushindwa kidato cha nne, au huanza kukaa chumbani mchana amefunga dirisha. Hapo kwaya hutafuta mtoto mwingine wa kumsimamisha mbele. Ni nani kati yetu, mwaka huu, amekwenda kumtafuta yule aliyeacha kuja? Mtume Paulo katika somo la pili anasema kwamba kwa wanyonge alikuwa mnyonge. Hakuwangoja wawe hodari ndipo awaone.

Makatekista wangu, nina kazi moja ya juma hili, nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo mwasaidie. Mnamjua ni nani. Nendeni nyumbani kwake. Msiende kumwomba aimbe Pasaka, wala msimkumbushe alivyokuwa aking’ara. Mwulizeni amelalaje, kama Ayubu ambavyo angependa kuulizwa. Kisha nyamazeni, mngoje jibu, hata likichelewa. Na akiwaambia kwamba hataki kuishi tena, msimkemee, wala msimwache peke yake usiku huo. Kaeni naye mpaka kupambazuke, mkampeleke hospitali, na mmoja wenu aingie naye ndani.

Tumsifu Yesu Kristo.