Mikono ya Chuma Ndani ya Mizizi ya Maharagwe

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya leo: bakteria, kinundu, naitrojeni, elektroni, protini, salfa.

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wenu ameandika ubaoni maneno sita ya leo. Yasomeni kwanza pamoja naye, kisha tuendelee.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilitembelea darasa moja la akina mama. Mama mmoja alileta mche wa maharagwe aliouchimba shambani. Mizizi yake ilijaa vinundu. Akaniuliza, "Bwana, huu ni ugonjwa?" Mimi nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, nikaona haya kusema sijui. Nikajibu, "Naam, mama, ni ugonjwa. Yang'oe." Aling'oa mistari miwili kabla jirani yake hajamzuia. Nilirudi kumwomba radhi. Leo nawaeleza ninyi jambo ambalo lingenifaa kulijua siku ile.

Vinundu vile havikuwa ugonjwa. Vilikuwa nyumba. Ndani yake hukaa bakteria, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1888 mtaalamu wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, aliwatoa bakteria hao katika vinundu na kuwakuza peke yao. Kazi yao ni kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Katika kila vipimo 100 vya hewa, karibu vipimo 78 ni naitrojeni. Sisi sote twaivuta, na sote twaitoa vile vile ilivyoingia. Mahindi nayo hayawezi kuitumia ikiwa hewa tu.

Kwa nini haitumiki? Kwa sababu chembe za naitrojeni hewani zimeshikana mbili mbili, kwa nguvu sana. Kuzigeuza kunataka elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Bakteria huzipata elektroni katika chakula wanacholetewa na mmea. Lakini zitafikaje mahali pa kazi? Hapa ndipo chuma kinapoingia.

Mmewaona watu wakijenga shule kwa kujitolea. Hupanga mstari toka kwenye rundo la matofali hadi ukutani, wakapokezana tofali mkono kwa mkono. Hakuna anayelibeba njia nzima. Mmoja hupokea, hugeuka, humpa mwenzake, na mikono yake huwa mitupu tena. Ndivyo elektroni zinavyopita ndani ya bakteria. Mikono yenyewe ni protini zenye chuma na salfa. Salfa ni ule unga wa manjano ambao wakulima wa korosho huupuliza mikoroshoni.

Namna moja ya mkono huo ina chembe nne za chuma na nne za salfa. Zimepangwa kwa zamu katika pembe nane za umbo kama dadu. Chuma kina tabia ya kupokea elektroni na kuiachia tena, ndiyo sababu kinafaa kwa kazi hii. Mwaka 1962, huko Marekani, wataalamu Mortenson, Valentine na Carnahan walitangaza protini ya namna hii waliyoipata katika bakteria wa udongoni. Wakaiita feredoksini, kutokana na neno la Kilatini "ferrum", maana yake chuma.

Ndani ya kinundu, feredoksini, au protini nyingine ifanyayo kazi kama yake, hupokea elektroni. Huipa protini ya pili, yenye chuma na salfa. Nayo huipa ya tatu, yenye chuma, salfa na madini yaitwayo molibdeni. Hapo naitrojeni hugeuka kuwa amonia, ambayo mmea waweza kuitumia. Elektroni hufika moja moja, na kila jozi moja ya naitrojeni hutaka elektroni nane. Mmoja akikosekana katika mstari, matofali hayafiki ukutani.

Mstari huu una adui, naye ni oksijeni ya hewani. Jembe likiachwa nje hupata kutu siku baada ya siku. Mikono hii ni dhaifu kuliko jembe. Ile protini ya pili ikipigwa na hewa huharibika kwa dakika chache. Lakini bakteria hao hao wahitaji oksijeni ili wapumue. Wafanyeje? Mmea huwasaidia. Hutengeneza kitu chekundu, ndugu ya wekundu wa damu yetu, chenye kushika oksijeni na kuwagawia kidogo kidogo. Wanapata ya kupumua, haibaki ya kuharibu.

Basi kazi hii mnaweza kuikagua wenyewe. Maharagwe yakianza kutoa maua, chimbeni mche mmoja taratibu kwa jembe, msiuvute. Pasueni kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe, kazi haijaanza, au bakteria waliomo si wazuri. Kikiwa cha kijani au kahawia, kazi imekwisha.

Lakini iko minyoo midogo inayovimbisha mizizi, na huo ni ugonjwa kweli. Tofauti ni hii: kinundu chema kimeshika ubavuni mwa mzizi, na hubanduka kwa kidole. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki.

Yule mama alinisamehe. Ila aliniambia nichimbe mche mmoja kwa mikono yangu kabla ya kumfundisha mtu mwingine. Nami nawaambia ninyi vivyo hivyo.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Mikono inayopokezana elektroni imetengenezwa kwa vitu gani viwili?
2. Kwa nini oksijeni ni adui na pia ni rafiki wa bakteria wa vinundu?
3. Utatambuaje kinundu chema na uvimbe wa minyoo?

Kwaherini.