Shirika la Hisani Lisinyamaze Wakati wa Kura

Uchaguzi mkuu unapokaribia, mashirika ya hisani huingiwa na hofu. Mengine hunyamaza, yakidhani kimya ndicho usalama. Mengine husema, na papo hapo wanasiasa huyaita vibaraka. Je, shirika linalowatetea wenye njaa litatumiaje intaneti msimu wa kura bila kuonekana linapigia chama debe?

Tutazame yaliyotokea Uingereza. Mwezi wa Juni 2014, miezi kumi na mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, Oxfam ilitoa katika Twitter picha iliyofanana na tangazo la sinema. Ilionyesha bahari iliyochafuka, pamoja na majina ya mambo yanayowatesa maskini: bei za juu, ukosefu wa kazi, kupunguzwa kwa misaada ya serikali, gharama za malezi ya watoto. Hakuna chama kilichotajwa. Hata hivyo Conor Burns, mbunge wa chama cha Conservative kilichokuwa kikiongoza serikali, alipeleka malalamiko kwa tume inayosimamia mashirika ya hisani.

Desemba mwaka huo tume ilitoa uamuzi wake. Haikuona kwamba Oxfam ilikusudia kuegemea chama chochote, lakini ilisema shirika lilipaswa kujitahidi zaidi kuepusha dhana hiyo. Picha ilikusudiwa kuwapeleka watu kwenye ripoti juu ya umaskini, ila maneno yaliyoambatana nayo hayakulieleza hilo waziwazi.

Hapo ndipo penye somo. Ripoti ina kurasa nyingi na ushahidi wake. Picha hurukaruka kutoka simu moja hadi nyingine, ikaiacha ripoti nyuma. Kwa hiyo kila ujumbe na ujitegemee: utaje jambo lenyewe, uonyeshe ushahidi, na useme kwamba ombi ni kwa wagombea wote.

Nasi Kenya tunauelekea uchaguzi wa Agosti 2027. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, inayakataza mashirika hayo kufanya kampeni ya kuunga mkono au kupinga chama au mgombea. Lakini kusema kwamba zahanati haina dawa si kumpinga mgombea. Ni kusema kweli.

Mimi ningeyashauri mashirika haya: wapelekeeni wagombea wote swali lile lile, siku ile ile, kisha mtangaze majibu yao yote bila kuyakata. Msikubali mwanasiasa apigwe picha akigawa magunia yenu, maana jioni mtaiona kwenye ukurasa wake wa kampeni. Na mfanyakazi mwenye chama chake asikisemee kwa jina la shirika.

Zaidi ya yote, anzeni mapema na msikome kura zikishahesabiwa. Shirika linalozungumzia dawa mwaka mzima, miaka yote, ni vigumu kulishuku lizungumzapo wakati wa kampeni.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga. Msimu wa kura ndio msimu ambao mwenye shibe hulazimika kumsikiliza. Wanaomsemea wakinyamaza wakati huo, watasikilizwa na nani baadaye?