Mwito wa Kanga

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Mafinga. Anasema aliona katika filamu Wamarekani wawili wamejificha chini ya mti, nyuso wamezipaka masizi, mmoja anasugua kijisanduku cha mbao, na bata mzinga dume anakuja mbio kama aliyealikwa harusini. Anauliza mambo mawili. Kijisanduku kile kinauzwa wapi hapa nchini? Na je, kinaweza kumwita kanga?

Swali la kwanza halina taabu: mimi sijakiona katika duka lolote. La pili limeninyima usingizi kidogo, maana jibu lake ninalijua kuliko ninavyopenda, na nililipatia Idodi.

Lakini tumalize kwanza habari ya bata mzinga. Ndege huyu ni wa Amerika, na majina yake yote ni ya kupachikwa. Waingereza walimwita kwa jina la Uturuki, jina ambalo awali walimpa kanga wa Afrika aliyewafikia kwa mikono ya wafanyabiashara wa huko. Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyewapanga viumbe katika karne ya 18, naye akampa bata mzinga jina ambalo kwa Kigiriki ni la kanga. Sisi tukamwita bata, na ubata hana. Kwa hiyo msikilizaji wetu wa Mafinga hajakosea sana kuwaweka ndege hawa wawili katika swali moja.

Wamarekani humwinda dume majira ya kuchipua, wakati anapotafuta majike. Kijisanduku kile, ambacho Henry Gibson wa Arkansas alikipatia hataza mwaka 1897, kina kifuniko kinachosuguliwa ukingoni baada ya kupakwa chaki, na hutoa sauti ya jike. Kiko pia kibao cha jiwe kinachokwaruzwa kwa kijiti, na kipo kiwambo chembamba cha kuweka kinywani. Kabla ya hivyo vyote, wenyeji wa Amerika walikuwa wakifyonza hewa kupitia mfupa wa bawa la ndege huyohuyo. Anayeanza hushauriwa kuchukua kijisanduku kwa kuwa hakihitaji ufundi mwingi, ila kinataka mikono yote miwili na mvua ikilowesha chaki kimekwisha. Kiwambo cha kinywani huiacha mikono ishike bunduki, lakini utakaa nacho miezi kadhaa ukiwaudhi watu wa nyumbani kabla hakijatoa sauti ya maana.

Ugumu wenyewe uko hapa. Kwa desturi ya ndege hawa, dume hunguruma na jike ndiye humfuata. Mwindaji anamtaka dume avunje desturi, aje yeye. Ndiyo maana wenye uzoefu husema kwamba mgeni huharibu kwa kuita mno. Ita kidogo, nyamaza, mwache dume ashindwe kuvumilia.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye hajawahi kumwona bata mzinga wa porini hata kwa picha.

Mjomba anakaa Idodi, pale unapoteremka kutoka Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baridi ya milimani imekuacha na mibuyu imeanza. Katika ujana wake alikuwa na gobori lililosajiliwa, na kibali alikitunza ndani ya kopo la maziwa. Hakuwa na filimbi wala kijisanduku. Aliita kwa midomo na viganja. Kwale alimwita alfajiri au magharibi, saa ambazo dume hupanda juu ya kichuguu na kupiga kelele kutangaza mipaka yake. Mjomba alijibu kelele ile mara moja tu, na mwenye kichuguu alishuka na hasira zake kuja kumtafuta mvamizi. Kule Nyanza, magharibi ya Kenya, Wajaluo wamelitumia jambo hilo kwa namna nyingine: humweka ndege mdogo wa jamii ya kware katika kikapu, wakakitundika juu ya mti mrefu, naye akiita usiku kucha wenzake hushuka karibu na kunaswa katika mitego iliyotandazwa majanini.

Kanga haji kwa hasira. Kanga ni ndege wa kundi. Wakati wa mvua hutengana wawili wawili kwa ajili ya kutaga, lakini kiangazi hurudiana, na kundi moja huweza kuwa na ndege makumi. Jike ana sauti ya vipande viwili, cha kwanza kifupi na cha pili kinapanda, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Dume hana sauti hiyo. Mjomba aliweza kuitoa, nasi watoto tulimsihi aitoe uani ili tucheke, lakini porini sikumsikia akiitumia. Porini aliita kwa sauti ya chini, ile ya kundi linalochakura bila wasiwasi. Kanga waliokuwa wakipita walisogea kuona wenzao wamepata nini. Alipiga mmoja, tukarudi nyumbani. Wakati ule nilidhani ni kwa sababu baruti ilikuwa ghali.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Mwaka 2016 nilikwenda Idodi na kinasa sauti kutengeneza kipindi cha sauti za alfajiri. Ilikuwa Septemba. Wasikilizaji wa mikoa ya Iringa na Mbeya wanajua kwamba tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na vijito vingi vya nchi ile navyo hubaki mchanga na madimbwi. Nilijibanza chini ya mkwaju kando ya dimbwi moja. Kabla jua halijatoka, kanga jike mmoja alikuja mchangani peke yake akaita. Aliita karibu robo saa, vipande viwili, vipande viwili, mpaka ng'ambo ya korongo wakaitika wengine, kwanza kwa mbali, kisha karibu. Katika miaka yangu yote ya kazi hii sijanasa sauti safi kama ile. Ilipokwenda hewani watu walinipigia simu kunipongeza.

Miongoni mwao alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba huyohuyo, ambaye siku hizo aliendesha bodaboda Iringa mjini. Akaniomba nimrushie sauti ile katika simu yake. Nikamrushia siku ileile. Nilidhani amekumbuka kwao.

Kiangazi cha mwaka 2017 binamu aliacha bodaboda akarudi Idodi. Alikuwa na spika ndogo isiyotumia waya na nyavu za kuvulia samaki. Alitandaza nyavu kando ya madimbwi, akaificha spika katikati, akaiacha iite. Kundi zima lilikuja kwa mara moja. Kanga waliletwa mjini ndani ya magunia ya mkaa, na wateja hawakuuliza maswali. Mimi ni mmoja wa wateja hao, ingawa sikulipa. Binamu aliniletea wawili nyumbani, kama zawadi ya ndugu. Tuliwapika kwa nazi, walikuwa watamu, na mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza watu maswali sikumwuliza hata moja.

Kumwinda kanga bila leseni ni kosa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, haina mchezo na nyavu, mitego wala sumu. Na Idodi si mahali pa kusema watu hawakuelezwa. Mwaka 1997 ulianza huko mradi wa MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, vijiji vikauza mgao wao wa wanyama kwa wawindaji wenye vibali na fedha zikaingia vijijini. Mwaka 2007 eneo hilo likawa rasmi la hifadhi ya jamii. Anayebeba gunia la kanga usiku huchukua mali ya jirani zake. Binamu alikamatwa mwaka uliofuata. Faini ilikula ng'ombe wawili, na ng'ombe hao hawakuwa wake. Walikuwa wa baba yake.

Nilikwenda Idodi Agosti ya mwaka huo kumpa mjomba pole. Tulisalimiana, kamwene, kamwene, nikaketi. Hakulalamika. Alfajiri tulikwenda hadi kwenye dimbwi langu la mkwaju. Njiwa walikuwapo, tai mmoja, na nyayo za ngiri. Kanga hakuna. Mjomba akaniomba nimsikilizishe ile sauti, maana alikuwa ameambiwa tu habari yake. Nilimpa simu akaiweka sikioni kama anayepokea salamu kutoka mbali.

“Huyu kapotea,” akasema. “Anawatafuta wenzake. Na hao wanaoitika wanakuja kumchukua.”

Akaendelea kusikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

“Mjomba, nimeita kanga tangu hujazaliwa. Kwa sauti hii sijaita.”

Nilijaribu kujitetea kwamba sikujua. Hakujibu. Baadaye, tukiwa njiani, alinieleza kana kwamba anaeleza habari za mpunga: mashine haichoki wala haijui saa, iliita hata adhuhuri, wakati kanga wamelala kivulini. Waliotoka wazima nyavuni walishajua. Siku hizi, alisema, akipotea kanga wa kweli akaita, wenzake hawasogei upesi.

Kesho yake alinichukua upande wa pili, kwenye miombo. Akapiga mluzi mrefu wenye mikunjo, akangoja. Alipiga mara tatu tu. Ndege mdogo wa rangi ya majivu akatua juu ya tawi, akaanza kutetereka kama kiberiti kinachotikiswa. Ni yule ndege wa asali. Huwaongoza watu hadi kwenye mzinga wa nyuki, watu huchukua asali, yeye hula nta na mabuu. Nasi alituongoza, tukapata asali kidogo, na mjomba akamwachia sega juu ya jiwe. Alilichagua kwa uangalifu, si lile lililovunjika.

Juu ya ndege huyo wataalamu wamefanya kazi ambayo mimi, mtu wa redio, naionea wivu. Claire Spottiswoode na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 2016, walitembea katika pori la Niassa, Msumbiji, wakipiga kwa spika mwito wa Wayao, ule wa kutetemesha ulimi na kumalizia kwa mguno. Uwezekano wa kuongozwa na ndege ulipanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Kisha yeye na Brian Wood wakalinganisha Niassa na nchi ya Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, ambako huita kwa mluzi. Matokeo yalitoka mwaka 2023. Ndege wa Wahadzabe waliitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Niassa walipendelea mwito wa Wayao karibu mara mbili. Spika ni kama ile ya binamu. Ila ndege aliyeifuata hakukuta wavu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mafinga, kijisanduku cha Arkansas kitamshangaza kanga, hakitamwita. Kama unataka kuwinda, anza na leseni, kisha mtafute mzee wa mahali hapo, maana ndege wa Idodi anajua lugha ya Idodi. Kama unataka kusikiliza tu, nenda Septemba, ukae kando ya maji kabla ya jua, na usiite kitu.

Fundi mitambo wetu ameniuliza kama nitaifungia mazungumzo haya kwa ile sauti ya mwaka 2016. Iko hapa mezani, bado safi. Binamu amerudi kwenye bodaboda na ng'ombe mmoja ameshalipwa. Lakini kipindi hiki kinasikika mpaka Pawaga, na siku hizi kila simu ni kinasa sauti. Nimemwambia apige muziki.