Uvuvi wa starehe nao una adabu yake



Mwisho wa juma, kandokando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, utawakuta wavuvi wa aina mbili. Wa kwanza ni yule ambaye asipopata samaki, watoto wake hulala njaa. Wa pili ni karani, mwalimu au mwandishi wa habari kama mimi: ana mshahara wake, ana ndoana yake, na anatafuta saa chache za kupumzisha akili. Leo nazungumza na huyu wa pili.

Kuvua kwa ndoana ni elimu. Sato hupenda maji ya kina kifupi ndani ya ghuba, karibu na matete. Mtafutie ndoana ndogo, mshipi mwembamba, kiboya chepesi na chubwi dogo. Chambo chake ni mnyoo, au kidonge cha ugali kilichokandwa kikashikana. Ketini, msisimame. Kivuli kikipita juu ya maji na miguu ikatikisa ukingo, sato ameshaondoka. Kiboya kikichezacheza usikurupuke, samaki bado anaonja. Subiri kizame, ndipo uinue mkono kwa wepesi.

Sangara ni mwindaji. Hujificha penye miamba, mahali kina kinaposhuka ghafla, akivizia samaki wadogo. Yeye hutaka mshipi mzito, na chambo kinachofanana na samaki anayeogelea, hata kama ni cha bandia, kikikokotwa taratibu nyuma ya mtumbwi. Akinasa huruka na kutikisa kichwa ili aiteme ndoana. Usishindane naye kwa nguvu. Akikimbia mwachie mshipi, akipumzika mvute, ila usiuache ulegee. Na kamwe usiuzungushie mkononi. Sangara aweza kupita kilo 100, na nailoni hukata vidole kama wembe.

Hayo ndiyo maarifa ya kumpata samaki. Yaliyobaki ni kujua yupi wa kumrudisha.

Kanuni za uvuvi nchini zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Chora alama hizo mbili kwenye fimbo yako ya kuvulia, hutahitaji rula. Lakini urefu peke yake hautoshi. Sato jike hutunza mayai na vifaranga wake kinywani. Ukimpata huyo, umeshika kizazi kizima. Na sangara wale wakubwa mno, wa kupigiwa picha, mara nyingi ni majike, na kila mmoja hutaga mamilioni ya mayai. Piga picha yako haraka, kisha umrudishe mama wa watu nyumbani kwake.

Kumrudisha nako kuna utaratibu. Kabla ya kuanza kuvua, bana kwa koleo kile kijino cha ndoana mpaka kilale, ili ichomoke bila kumrarua. Lowesha mikono kabla ya kumshika, kwani ule ute wa ngozini ndio kinga yake dhidi ya maradhi. Usimnyanyue kwa kuingiza vidole kwenye mashavu, wala usimrushe kama jiwe. Mshike polepole ndani ya maji mpaka apige mkia mwenyewe.

Wapo wanaoniambia, "Wenye makokoro wanazoa samaki kwa mitumbwi, huyu wangu mmoja ataharibu nini?" Nawajibu hivi. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu haramu za wavuvi ziliteketezwa kwa moto. Mtu aliyeona nyavu zake zikigeuka majivu, kisha akamwona bwana mwenye mshahara akipita na sangara mchanga mkononi, atafikiri nini? Atasema sheria ya ziwa imetungwa kwa ajili ya maskini peke yao. Yeye ana njaa ya kujitetea nayo. Wewe na mimi tuna kisingizio gani?

Basi, kabla hujatoka nyumbani, muulize ofisa uvuvi wa eneo lako kuhusu leseni. Ukipanda mtumbwi, vaa jaketi la kuokolea, hata kama unajua kuogelea. Usivue ukiwa umesimama majini, maana kichocho kingalipo. Nailoni iliyokatika irudi nayo mfukoni, isiwe kitanzi cha ndege.

Na ukimpata sato wa halali, mpeleke jikoni mle kwa furaha. Hakuna atakayekuonea kijicho. Lakini yule mdogo mwachie ziwa. Akikua, huenda akaingia katika wavu halali wa yule jirani ambaye watoto wake wanamsubiri.

Kwa herini.